Aliyesoma Usiku kwa Miaka Kumi

Wahenga walinena kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Methali hii twaitumia mara nyingi tunapotaka kumlaumu mzazi mwenzetu, lakini ni mara chache tunapokaa kitako tukaipima kwa maisha ya mtu mmoja, tangu kuzaliwa kwake mpaka kufa kwake. Mimi nimeipima kwa maisha ya mtu wa mbali, Seneta Robert Byrd wa Marekani, aliyekaa katika Bunge la nchi yake kwa zaidi ya miaka 57. Kati ya hiyo, miaka 51 aliitumia katika Seneti, na hakuna mwingine aliyedumu humo muda mrefu kama yeye. Sikumchagua kwa ajili ya ukubwa wake. Nimemchagua kwa kuwa utoto wake ulikuwa wa kimaskini kama wa wengi wetu, na kwa kuwa habari za elimu yake zina fundisho lililo tamu na lililo chungu kwa pamoja.

Alizaliwa tarehe 20 Novemba, 1917, katika mji mdogo wa North Wilkesboro, jimbo la North Carolina, akapewa jina la baba yake, Cornelius Calvin Sale. Mwaka uliofuata, ugonjwa wa mafua ulioua mamilioni ya watu duniani ulimchukua mama yake. Watoto wakagawanywa kwa jamaa. Yeye, aliyekuwa bado mchanga, akaangukia mikononi mwa shangazi yake, Vlurma, na mume wa shangazi, Titus Byrd. Hao walimlea kama mwana wao wa kumzaa, wakampa jina jipya, wakahamia naye West Virginia. Mpaka mwaka 1971, akiwa tayari mtu mashuhuri, aliamini kwamba alizaliwa mwezi Januari 1918. Ndugu yake wa kuzaliwa ndiye aliyemsahihisha. Hivyo ndivyo yatima wengi wanavyokua: hata siku ya kuzaliwa kwao huipokea kutoka kwa watu wengine.

Titus alikuwa mchimba makaa ya mawe. Katika kambi za wachimba makaa za siku hizo, nyumba ilikuwa ya kampuni na duka lilikuwa la kampuni, na mshahara wa mfanyakazi ulirudi mikononi mwa tajiri kabla haujafika mezani kwa mkewe. Kijana Robert alipita nyumba hata nyumba akikusanya mabaki ya chakula kwa ajili ya nguruwe waliofugwa na walezi wake. Lakini kitabu alikipenda, na fidla akajifunza kuipiga. Mwaka 1934 alimaliza masomo katika shule ya sekondari ya Mark Twain, iliyokuwa Stotesbury, akiwa wa kwanza katika darasa lake.

Wa kwanza darasani, na bado mlango wa chuo kikuu haukufunguka. Ilikuwa miaka ya ule mdororo mkubwa wa uchumi, na fedha za karo hazikuwapo. Kijana yule akafanya kazi katika kituo cha petroli, akawa mkata nyama dukani, na wakati wa Vita Kuu ya Pili akawa fundi wa kuchomelea vyuma katika viwanda vya kuunda meli huko Baltimore na Tampa. Mwaka 1937 alikuwa amekwisha kumwoa Erma James, naye pia binti wa mchimba makaa. Kwa wengi wa rika lake, habari za shule zilikuwa zimekwisha.

Kwake hazikwisha. Mwaka 1946 alichaguliwa kuingia katika baraza la kutunga sheria la jimbo lake, na katika miaka iliyofuata akawa anachota masomo kidogo kidogo katika vyuo vya huko. Alipoingia katika Bunge la taifa mjini Washington mwaka 1953, alianza kusomea sheria wakati wa usiku, ingawa hakuwa na shahada ya kwanza. Mchana alikuwa mbunge, usiku alikuwa mwanafunzi. Miaka kumi ilipita namna hiyo.

Yeyote aliyewahi kuhudhuria masomo ya jioni baada ya kutoka kazini anaujua uzito wa maneno hayo. Macho hutaka kufumba, tumbo hudai haki yake, na herufi za ubaoni huanza kutambaa kama sisimizi. Nimezionja jioni za namna hiyo, na sikuzionja kwa miaka kumi. Kwa hiyo namheshimu mtu huyu kwa heshima ambayo mwanafunzi wa usiku humpa mwanafunzi wa usiku mwenzake.

Tarehe 10 Juni, 1963, Chuo Kikuu cha American mjini Washington kilifanya mahafali yake, na Byrd, akiwa na umri wa miaka 45, akatunukiwa shahada ya sheria. Mgeni wa heshima alikuwa Rais John Kennedy, ambaye naye alipewa shahada ya heshima siku hiyo. Rais alifanya utani mbele ya hadhara, akasema kwamba Seneta Byrd ameipata shahada yake kwa miaka mingi ya masomo ya usiku, ilhali yeye anaipata ya kwake kwa nusu saa.

Laiti habari ingeishia hapo, ingekuwa hadithi nzuri ya kuwasomea watoto kabla ya kulala. Lakini Byrd alikuwa amesoma katika shule nyingine pia, isiyo na kengele wala ubao. Katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 2005, alieleza kwamba akiwa mtoto mdogo aliwaona watu wa Ku Klux Klan wakiandamana katika mji wa Matoaka, na kwamba baadaye alikuja kujua kuwa baba yake mlezi alikuwa miongoni mwao. Hicho kilikuwa chama cha siri cha Wazungu waliojifunika mavazi meupe, wakawatisha, wakawapiga na kuwaua watu weusi. Mtu aliyempa yatima yule chakula, jina na upendo, ndiye huyo huyo aliyeandamana nao. Mapema katika miaka ya 1940 kijana naye akajiunga, akawaandikisha wenzake wapatao 150.

Sasa tazameni tarehe, ndugu wasomaji. Mwaka 1964 Seneti ilikuwa ikijadili Sheria ya Haki za Raia, iliyokusudiwa kukomesha ubaguzi wa rangi katika hoteli, katika shule na katika kazi. Taratibu za Seneti humruhusu mjumbe kushika zamu ya kusema na kuendelea bila kukaa, ili kuchelewesha kura. Byrd alisimama jioni ya tarehe 9 Juni, akasema usiku kucha, akamaliza asubuhi ya tarehe 10, baada ya saa 14 na dakika 13. Ilikuwa mwaka mmoja kamili tangu apewe shahada yake. Siku hiyo hiyo wenzake wakapiga kura, 71 kwa 29, kuufunga mjadala, na tarehe 2 Julai sheria ikatiwa saini.

Nimejiuliza mara nyingi: miaka kumi ya masomo ilifanya kazi gani, ikiwa haikumzuia kusimama usiku ule? Jibu ninalolipata si la kufurahisha. Elimu humpa mtu nguvu, na nguvu hutumikia lililomo moyoni. Aliyefundishwa dharau utotoni, akipewa shahada, atadharau kwa ufasaha zaidi.

Hata hivyo, si haki kumwacha mtu katikati ya njia. Mwaka 1982 mjukuu wake, kijana wa miaka 17, aliuawa katika ajali ya gari. Byrd alieleza baadaye kwamba msiba huo ulimfanya atambue kuwa watu weusi nao huwapenda watoto wao kama yeye alivyowapenda wa kwake. Mwaka 1983 aliunga mkono kuwekwa kwa sikukuu ya kitaifa ya kumkumbuka Martin Luther King. Aliomba radhi kwa ajili ya Klan mara nyingi, hadharani. Mwaka 1994, akiwa na umri wa miaka 76, alipata shahada ya kwanza ambayo hakuweza kuilipia ujanani, kutoka Chuo Kikuu cha Marshall. Na mwaka 2008 alimuunga mkono Barack Obama kuwa mgombea wa urais. Alifariki tarehe 28 Juni, 2010.

Alibadilika, na tumpe sifa yake. Lakini wale waliofukuzwa mahotelini na kunyimwa kazi hawakuwa na miaka arobaini ya kumsubiri. Somo la nyumbani likiharibika, gharama ya kulisahihisha hulipwa na watu wengine.

Ndiyo sababu nawaandikia wazazi wenzangu. Tunahangaika kutafuta karo, madaftari na sare, na ni wajibu wetu. Lakini jioni, tukiwa tumekaa na wageni, tunasema maneno juu ya watu wa kabila fulani, wa dini fulani, wa ngozi fulani, nao watoto wako pembeni wanacheza. Tunadhani hawasikii. Wanasikia, tena wanaamini, kwa kuwa asemaye ni yule awapaye chakula. Hakuna mwalimu wa usiku atakayeweza kulifuta somo hilo kwa urahisi. Tulichunge basi sisi wenyewe, tungali nao nyumbani.