Uchungu Kooni

Katika chumba cha kupanga huko Sanyuanli, wilayani Baiyun, mfanyabiashara mmoja wa Kariakoo hutia dawa ya glakoma kila usiku. Kwa miaka miwili aliuonja uchungu wake kooni, akaamini kuwa dawa inafanya kazi. Kumbe ilikuwa ikipotea. Tone moja hubeba takriban maikrolita 30 hadi 50, ilhali machozi yaliyotanda juu ya jicho hayazidi sana maikrolita 7; ziada humwagika shavuni au hupitia mfereji wa machozi hadi puani na kooni. Kinachopenya ndani ya jicho kwa kawaida hakifiki asilimia 5. Ndiyo maana watafiti wanahangaikia jeli, chembe ndogo mno na lenzi zitakazoishikilia dawa pale juu.

Binti yake, muuguzi Dar es Salaam, hakungoja hayo. “Baba, tone moja tu, kisha fumba macho, bonyeza pembe ya jicho karibu na pua, hesabu dakika mbili.”

Usiku ule uchungu haukufika kooni. Kilichokwisha kuliwa na glakoma hakirudi. Kwa hiyo sasa, akishafunga hesabu za mzigo, huketi kitandani, kidole puani, akihesabu.