Jirani Yangu Amezikwa Bila Turubai

Ndugu zangu wa Muheza,

Jumanne amefariki mzee wa nyumba ya mkabala na yangu. Nimepata habari Ijumaa. Sikuona turubai, sikusikia kilio. Kumbe usiku lilikuja gari jeusi, wakashuka watu wawili wenye suti, wakamchukua. Mimi niliyemsalimu kila asubuhi kwa miaka minane sikuitwa hata kupanga viti. Imeniuma, ndiyo maana naandika.

Hapa Upper Darby, kiungani mwa Philadelphia, Marekani, msiba unakabidhiwa nyumba ya mazishi. Huko ndiko mwili unakooshwa, kutiwa dawa, kuvikwa na kupakwa poda, na wanaofanya hayo wanalipwa. Kaburi linachimbwa na mashine. Jamaa wanafika kuaga, wanakumbatiana, jioni kila mtu yuko kwake.

Zamani haikuwa hivyo. Hapa palikuwa mashamba ya Wakwekeri, wale Marafiki ambao jirani zetu wa magharibi mwa Kenya wanawajua vyema. Maiti ilioshwa nyumbani na wanawake, ikalazwa sebuleni, na jeneza lilichongwa na fundi wa makabati, kama fundi wetu wa pale sokoni anayeanika vitanda na majeneza ukuta mmoja. Ikaja vita ya wenyewe kwa wenyewe, 1861 hadi 1865. Askari walifia mbali, wazazi wakataka wanao warudi, dawa ya kuhifadhi maiti ikapata soko. Rais Lincoln alipouawa mwaka 1865, mwili wake uliotiwa dawa ulipelekwa kwa treni mpaka Illinois, ukipita mji baada ya mji, Philadelphia ukiwemo, watu wakipanga foleni kumwona. Kisha mwaka 1907 reli ya mjini ikafika 69th Street. Mashamba yakakatwa viwanja, wakahamia watu wasio na shangazi wala binamu mtaani. Nani angewaoshea maiti wao?

Mmoja wa Wakwekeri hao wa zamani, Thomas Garrett, alizaliwa hapa hapa mwaka 1789. Mkwekeri huyo aliwasaidia watumwa zaidi ya 2,000 kutoroka. Alipofariki Wilmington mwaka 1871, watu weusi ndio waliombeba mabegani. Katika historia yote ya mji huu, hakuna ninachokipenda kama hicho.

Sasa nanyi! Nasikia siku hizi mnakodi wapishi, wapambaji, hadi vijana wa glavu nyeupe wa kubeba jeneza. Vijana wetu wenyewe wana mabega ya nini? Tena mnachanga mamilioni kununua sanduku la mtu aliyekosa elfu hamsini ya dawa, nanyi mlikuwa na habari. Hilo ni kosa, nalisema kwa kuwa nawapenda.

La kuiga huku ni uwazi wa bei. Tangu 1984 sheria ya shirikisho inailazimisha nyumba ya mazishi kutoa orodha ya bei, kitu kimoja kimoja, na kuzitaja hata kwa simu. Basi na mtunza fedha wa msiba asome hesabu mbele ya wachangaji. Wenye watoto huku, waulizeni mapema wanataka kuzikwa wapi, waandike wasia, wakate bima. Mazishi ya kuaga mwili, kwa hesabu ya chama cha wenye nyumba za mazishi, mwaka 2023 yalifika takriban dola 8,300, bado kiwanja cha kaburi, bado ndege. Mfiwa aombe orodha kabla ya kusaini. Jeneza anaweza kulinunua kwingine, nayo nyumba ya mazishi hairuhusiwi kumtoza kwa ajili hiyo. Na tafadhali, msimpigie mjane simu usiku kumwamrisha arudishe mwili hali hamjui ana kiasi gani.

Jana nilipika wali wa nazi, nikavuka barabara, nikabisha hodi kwa mke wa marehemu. Alidhani nimekosea nyumba. Tulikaa mpaka saa nne usiku. Alinionyesha viatu vya mumewe, bado vipo mlangoni, kisha akaniuliza kwetu watu hukaa na mfiwa siku ngapi.