Saa ya Rubani na Saa ya Sherehe

Mtu akiitazama saa ya rubani kwa makini huona kwamba ilibuniwa kwa ajili ya kazi. Mwaka 1904 Alberto Santos-Dumont, Mbrazili aliyerusha vyombo vya angani mjini Paris, alimlalamikia rafiki yake Louis Cartier: angetoaje saa mfukoni ilhali mikono yote imeshika mitambo? Cartier akamtengenezea saa ya kufungwa mkononi. Katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, viwanda vitano vililitengenezea jeshi la anga la Ujerumani saa zenye upana wa milimita 55, zenye uso mweusi, maandishi yang'aayo gizani, na kifundo kikubwa kilichoweza kushikwa na mkono uliovaa glavu.

Sura hiyo ndiyo iliyoazimwa na Seiko SNK809 aliyoivaa marehemu baba yetu kila siku. Dakika zimeandikwa kwa tarakimu kubwa pembezoni, nayo masaa yamekaa katika duara dogo la ndani. Upana wake ni milimita 37 tu, na kifundo chake ni kidogo mno hata kwa mkono usio na glavu. Baba hakurusha ndege hata siku moja, aliuza unga. Kwa miaka mingi saa hiyo ilipatikana kwa chini ya dola 100.

Ya pili, ambayo mjomba wetu alimletea kutoka Ulaya, ni Seiko pia, ya jamii ya Presage iitwayo Cocktail Time, na bei yake ilizidi ile ya kwanza mara kadhaa. Kioo chake kimebinuka kama cha saa za mababu. Mistari myembamba huenea toka katikati ya uso wake kama miali ya jua, na rangi hubadilika kila mkono ugeukapo. Baba aliivaa harusini na mazishini, kisha akaikunja katika kitambaa.

Minervali ya mdogo wetu ilipopungua mwaka huu, sisi ndugu tuliziweka zote mbili mezani. Tulidhani ya bei kubwa ingeishinda nyingine katika kila jambo. Kumbe mioyo yao hupiga sawasawa, mapigo 21,600 kwa saa moja, na zikivuliwa zote huendelea kwa muda wa masaa 40 hivi. Ni kweli kwamba Presage hukubali kutiwa ufunguo kwa mkono, na mshale wake wa sekunde husimama unapoirekebisha. Ile ya rubani haina hayo. Ajabu ni kwamba saa ya sherehe hustahimili maji kuliko ya rubani: kiwango cha mita 50 dhidi ya 30. Lakini umeme ukikatika, Presage haisomeki, wala haikukusudiwa isomeke, hali mishale ya nyingine hung'aa.

Sehemu kubwa ya fedha iliyozidi, basi, ilinunua uso, kioo na mng'aro. Hatuudharau uzuri huo. Tena saa ya rubani kwenye mkono wa muuza unga ni pambo vilevile, ingawa hujifanya chombo cha kazi.

Dada yetu mkubwa alipinga Presage isiuzwe. Alisema kwamba ile ndiyo baba aliyoiheshimu, na kwamba nyingine aliivaa kwa kukosa chaguo. Hatukuwa na jibu la kutosha. Mnunuzi naye alitaja kwa Presage bei iliyokaribia kuziba pengo. Ya rubani, yenye mikwaruzo, aliirudisha mezani bila kutaja kitu.

Presage imeuzwa. Mdogo wetu huvaa ile nyingine chuoni, na kila Jumatatu huilinganisha na simu, kwa maana haishiki dakika vizuri. Dada amekihifadhi kile kitambaa.