Mzigo wa Mwenzio ni Kanda la Usufi

Wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: asiyeubeba huuona mwepesi. Methali hii inafaa kutafakariwa na kila familia inayojiandaa kuhama, kwani siku hizi mjini Dar es Salaam kazi ambayo zamani ilifanywa na jamaa na majirani hufanywa na watu wa kukodi. Zipo kampuni ambazo kazi yake ni kuhamisha watu tu. Huja na maboksi, kamba, mablanketi na vijana waliovaa sare, wakafungasha vitu vya nyumba nzima na kuvifikisha uendako. Ni msaada mkubwa. Lakini, ndugu msomaji, hapana budi tujiulize ni kitu gani hasa tunachokikodi, na ni kitu gani kisichokodishwa.

Nayasema haya kwa sababu miaka michache iliyopita familia yetu ilimhamisha shangazi yetu kutoka Kariakoo kwenda Mbagala. Shangazi ni mjane. Aliishi zaidi ya miaka 40 katika nyumba ya Kiswahili, ile yenye ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande na ua nyuma, katika mtaa usio mbali na Mnazi Mmoja. Nyumba za namna hiyo zinazidi kupungua Kariakoo. Moja baada ya nyingine zimebomolewa na mahali pake pamesimama maghorofa ya maduka. Warithi wa nyumba ile nao walipatana kuiuza. Shangazi alipata fungu lake, na kwa fungu hilo akanunua nyumba ndogo huko Mbagala.

Mwanawe wa kwanza, ambaye hufanya kazi Mwanza, alipopata habari alileta fedha pamoja na maneno machache: tutafute kampuni nzuri, gharama zote ni juu yake. Lilikuwa neno jema, na wengi wetu tulilipokea kwa furaha. Shangazi peke yake ndiye aliyenyamaza. Baadaye aliniuliza, "Na mimi nimo katika hiyo hesabu ya mizigo?" Sikuwa na jawabu siku ile.

Kariakoo haina uhaba wa wachukuzi. Mwenye godoro na sufuria mbili huita mkokoteni au guta. Mwenye chumba kimoja hukodi kirikuu. Mwenye nyumba hutafuta kenta au lori. Hata jina lenyewe la Kariakoo linatokana na wapagazi. Baada ya Waingereza kuutwaa mji wa Dar es Salaam kutoka kwa Wajerumani mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, mahali hapo palikuwa na kambi ya kikosi cha wachukuzi, ambacho Waingereza walikiita Carrier Corps, na ndimi za wenyeji zikalifanya jina hilo kuwa Kariakoo. Mamia ya maelfu ya Waafrika walibebeshwa chakula na risasi za majeshi. Maelfu kwa maelfu walikufa, wengi wao kwa maradhi, na ujira wa wengi waliokufa haukuwafikia jamaa zao. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa mwaka 1927, katika barabara ambayo sasa inaitwa Samora, ina maandishi yanayowakumbuka wapagazi hao pamoja na askari. Basi mtu anayekodi wachukuzi Kariakoo hafanyi jambo geni. Anaingia katika habari ndefu ya mji huu, nayo ni habari ya mzigo na ya ujira.

Tulizungumza na kampuni mbili. Ya kwanza ilitutajia bei kwa simu kabla hata ya kujua nyumba ina vyumba vingapi. Ya pili ilimtuma msimamizi wake aje kuona. Alipita chumba hadi chumba, akapima mlango wa ukumbi, akauliza kitanda cha samadari kinafunguka vipi, akataka kujua gari litasimama wapi asubuhi, kwa kuwa katika mitaa ile bidhaa hupangwa hadi barabarani. Bei yake ilikuwa kubwa zaidi, nasi tukamchagua huyo. Asiyeuona mzigo hawezi kuujua uzito wake, na bei iliyotajwa gizani aghalabu hupanda mchana.

Mali bila daftari huisha bila habari. Kwa hiyo tuliandika kila kitu: kabati la vioo moja, lenye ufa upande wa kushoto, jokofu moja, cherehani ya miguu moja, masanduku mawili ya bati, kinu na mchi, mbuzi ya kukunia nazi, na kadhalika mpaka ndoo za uani. Ule ufa tuliuandika kwa makusudi, ili asije mtu akalipishwa kosa lisilo lake. Tuliandika pia siku, saa, idadi ya wachukuzi, bei yote, na kwamba mizigo itafikishwa ndani ya nyumba kule Mbagala, si kandokando ya barabara. Theluthi mbili za fedha zililipwa kabla ya kuanza. Theluthi moja tulibaki nayo mpaka kazi iishe. Hati ya nyumba, vyeti, dawa, picha za marehemu na dhahabu kidogo ya Shangazi havikuingia katika orodha hiyo. Vitu vya namna hiyo hubebwa na mwenyewe.

Wapo wanaodhani kuandikiana ni kutoaminiana. Sivyo. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345 ya Sheria za Tanzania, haikatai mapatano ya mdomo, tena inamtaka mtu aliyekabidhiwa mali ya mwenzake aitunze kama mtu mwenye busara ya kawaida angeitunza mali yake mwenyewe. Lakini maneno ya mdomo hayasomeki mara ya pili. Mwenye duka anayehamisha bidhaa zake anastahili kuzingatia jambo hili zaidi, maana kwake robota moja lililopotea ni mtaji. Na ikiwa kampuni inasema ina bima, uliza bima hiyo inalipa nini, na iandikwe.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili, alfajiri, kabla mitaa haijajaa. Wachukuzi wanne walishuka garini. "Shikamoo, bibi." "Marahaba, wanangu." Shangazi hakuwaacha waguse kitu kabla ya kunywa chai, akawauliza majina yao, mmoja mmoja. Ndipo tulipojua kwamba hawakuwa waajiriwa wa kampuni ile. Walikuwa vijana wa kibarua, wamechukuliwa asubuhi hiyo hiyo barabarani na kuvishwa sare. Hata hivyo walifanya kazi kwa uangalifu. Cherehani ndiyo iliyokuwa roho ya Shangazi, kwani kwayo aliwasomesha watoto wake watatu. Kijana mmoja, ambaye mama yake ni fundi wa nguo, aliondoa mkanda bila kuambiwa, akaifunga kanyagio kwa kamba isichezecheze, akaisimamisha pembeni mwa gari isigongwe na kabati.

Tulishika Barabara ya Kilwa, tukapita Mtoni na Mtongani, tukafika Mbagala salama. Hapo ndipo lilipotokea jambo. Gari halikuweza kuingia katika kichochoro cha mwisho. Kulikuwa na mchanga na mwendo wa hatua kama 200 hadi mlangoni. Vijana wakaweka mikono kiunoni. Wao waliambiwa kwamba kazi yao ni kupakia na kushusha tu, na ujira wao ulipangwa kwa hesabu hiyo. Msimamizi akawakaripia na kuwaita wavivu.

Karatasi ilikuwa mkononi mwangu na ilitulinda sisi barabara: mizigo ndani ya nyumba. Tungeweza kuisoma kwa sauti, tukakaa kivulini na kungoja. Shangazi aliikataa njia hiyo. Alimwuliza yule kijana aliyeifunga cherehani analipwa kiasi gani kwa siku ile. Alipotaja, sote tulitazamana, kwa maana jumla ya ujira wa vijana wote wanne haikufika hata sehemu ya kumi ya fedha tulizoipa kampuni. Shangazi akasema, "Hakuna kitu changu kitakachoingia ndani kwa jasho lisilolipwa."

Tulimpigia simu mwenye kampuni. Tulimsomea karatasi, tukamkumbusha kwamba bei aliyoitaja ilikuwa ya kufikisha hadi ndani, na kwamba theluthi moja ya fedha tulikuwa nayo bado. Baada ya mabishano alikubali kuwaongezea vijana ujira kwa ile kazi ya kichochoroni, nasi tukalipa iliyobaki mbele ya wote, vijana wakapokea chao papo hapo. Orodha ilihesabiwa upya sebuleni. Hakikukosekana kitu.

Sasa nirejee kwa yule mtoto wa Mwanza. Siku kadhaa kabla ya kuhama, wazee wa ukoo walimpelekea habari kwamba fedha zake zimefika na zimetosha, lakini kampuni huhamisha makabati, haihamishi mzazi. Nani angempeleka mama kwa majirani wa miaka 40 kuagana na kutakana radhi? Nani angelipa deni dogo la dukani lisije likabaki nyuma na jina lake? Nani angekwenda naye kwa mwenyekiti wa mtaa mpya kumtambulisha? Mambo hayo hayana bei. Kijana alielewa. Aliomba likizo ya siku chache, akapanda basi, akamaliza yote hayo na mama yake. Safari ya Mbagala walikwenda pamoja katika taksi nyuma ya gari la mizigo. Naamini hilo ndilo lilikuwa jawabu la swali aliloniuliza Shangazi.

Basi, wazazi wenzangu, kodini kampuni ikiwa uwezo upo. Si anasa, bali ni kuwapunguzia wazee na watoto machovu. Chagueni anayekuja kuona kabla ya kutaja bei. Andikeni. Bakizeni sehemu ya malipo. Lakini kabla mzigo wa kwanza haujainuliwa, waulizeni pia wachukuzi wenyewe wameambiwa nini na watalipwa nini. Mabega yatakayobeba kabati lako ni yao, na kwao kabati hilo si kanda la usufi.