Mchezo wa Mama na Mchezo Wangu

Orodha ya kwanza niliiandika kurasa za nyuma za kaunta buku, katikati ya lekcha ya saikolojia ya elimu. Juu kabisa niliweka kadi ya michoro: RTX 4090, GB 24. Chini yake prosesa ya nguvu, RAM GB 64, kasha la kioo na feni za kuwaka taa. Bei sikuandika hata moja. Niliogopa kuziona.

Pesa niliyokuwa nayo ni milioni moja na laki nane, niliyodunduliza miaka miwili: tuisheni ya Hisabati kwa watoto wa mtaani kwetu Dunda, Bagamoyo, pamoja na bumu nililolibana kwelikweli. Mnaojua kuishi kwa Sh10,000 kwa siku mnanielewa. Haikutosha. Ndipo nikafanya kitu ambacho nahisi nusu yenu mnaosoma hapa mmeshakifanya. Nilimpigia mama simu, nikamwamkia, nikamwambia nahitaji kompyuta ya masomo.

Mama anakaanga samaki karibu na soko la ufukweni. Yeye na wenzake wako kumi, wanacheza mchezo: kila mwezi kila mmoja anatoa elfu themanini, na zamu inazunguka. Zamu yake ilikuwa imefika wiki ileile. Alinikabidhi laki nane zote, zimefungwa kwenye kitambaa. "Soma, mwanangu," akasema. Sikuweza hata kumwangalia usoni. Pesa ya mchezo wake ilikuwa inaingia kwenye mchezo wangu, na yeye hajui.

Jumamosi nikaenda Kariakoo. Fundi mmoja mtu mzima alisoma orodha yangu mpaka mwisho, hakucheka. Akaniuliza, "Mdogo wangu, hii mashine itakaa wapi?"

Nikamwambia Bagamoyo, nyumbani, hatua kama mia tatu kutoka baharini.

"Basi umeanzia juu. Anza na soketi ya ukutani, halafu upande."

Akavuta droo, akatoa mazabodi ya mteja wake wa zamani. Pembeni ilikuwa na kutu ya kijani, na pale RAM inapochomekwa palikuwa pameliwa. Ilikaa karibu na dirisha la upande wa bahari. Akanieleza taratibu: upepo wa bahari unabeba chumvi, chumvi inatua kwenye ubao, kisha inavuta unyevunyevu. Maji yenye chumvi yanapitisha umeme mahali usipotakiwa kupita, na polepole yanakula shaba. Mimi nimezaliwa Bagamoyo. Nimeona chumvi ikila bawaba za milango, mabati, hata baiskeli ya mjomba. Sikuwahi kufikiri kwamba kompyuta nayo ni chuma.

Siku ile sikununua kitu. Nilipanda gari la Bagamoyo pale Makumbusho, nikakaa dirishani, nikaanza kupiga hesabu.

RTX 4090 peke yake inaweza kula wati 450. Ukiongeza prosesa, feni na skrini, unafika kwenye wati 600 hivi ukiwa unacheza. Saa tano kwa siku ni uniti tatu. Kwa mwezi ni uniti 90. Nyumbani tuna friji dogo, televisheni, feni na taa, na mwezi wa kawaida hatuvuki uniti 48. Nyumba yenye matumizi madogo, yaani isiyozidi uniti 75 kwa mwezi, inauziwa uniti moja kwa Sh100 kabla ya kodi. Ukivuka hapo, bei inaruka mara tatu hivi. Yaani kompyuta yangu peke yake ingeivusha nyumba nzima, na anayenunua LUKU si mimi.

Mama alinikuta jioni nimeinama kwenye daftari. Akauliza hesabu za nini. Nikamwonyesha ile 90.

"Hiyo kompyuta itakuwa inapika?"

Nilicheka, yeye hakucheka. Akauliza tena, "Sasa ile ya masomo ni ipi?"

Ningeweza kuendelea kudanganya. Lakini uongo wangu ulikuwa umeandikwa palepale kwenye orodha. Kuna prosesa kama Ryzen 5 5600G ambayo ina michoro yake humohumo ndani. Ukiwa nayo huhitaji kadi kabisa: maandalio ya somo unaandika, ripoti ya utafiti unaandika, video za YouTube unaangalia, na pesa inabaki. Anayeongeza kadi ya bei kubwa juu ya hapo, anaongeza kwa ajili ya gemu. Au awe anahariri video au anachora majengo, na mimi nasomea ualimu. Nikamwambia hivyohivyo. Kadi ni ya gemu, mama.

Alinyamaza muda. Halafu akasema, "Hata sisi tunaita mchezo. Lakini hakuna anayecheza na zamu ya mwenzake."

Nilitamani anigombeze tu yaishe. Hakunigombeza. Alinipa masharti mawili. La kwanza, nimrudishie laki nane kama mwanamchezo yeyote: elfu themanini kila mwezi, miezi kumi, hakuna kuruka. La pili, mita isivuke 75. "Ukiweza hapo, cheza."

Nilirudi kwenye orodha upya, na kwa mara ya kwanza nilikuwa nachagua. Mwanzoni nilikuwa natamani tu.

Nilianza na pawa saplai, kitu ambacho kwenye orodha ya kwanza sikukiandika kabisa. Nikachukua ya wati 550 ya kampuni inayojulikana, yenye alama ya 80 Plus, inayopokea volti 100 mpaka 240 na yenye ulinzi umeme ukipanda au waya ukigusana. Fundi aliniwekea mbili mkononi, nzuri na ile ya bei rahisi. Ile rahisi ilikuwa nyepesi kama kopo tupu. Uzito si kipimo kamili, alisema, ila mara nyingi wepesi ule ni wa vitu ambavyo havimo ndani. Pawa saplai mbovu ikifa, inaweza kuondoka na kila kitu ilichokuwa inakilisha. Juu yake nikaongeza UPS, ili umeme ukikatika nipate dakika chache za kuzima kistaarabu.

Kadi nikashuka mpaka RTX 4060. Ina GB 8 na inakula wati 115 tu. Kulikuwa na kadi zilizotumika za bei ya chini, nikaziacha. Baada ya sarafu ya Ethereum kuachana na uchimbaji Septemba 2022, kadi nyingi zilizokuwa zikifanya kazi hiyo usiku na mchana ziliingizwa sokoni. Si zote mbovu, lakini kwa macho huwezi kujua ipi imechoka, na mimi pesa ya kukosea sikuwa nayo.

Prosesa nikachukua Ryzen 5 5600, ya wati 65. Hii haina michoro ndani, bila kadi skrini inabaki nyeusi. Wengi wanakosea kwenye ulinganifu. Ukipita barabara ya Bagamoyo unajua: Mwenge mpaka Tegeta njia pana, gari zinakimbia, halafu barabara inabana na wote mnaanza kusubiriana. Kadi kubwa juu ya prosesa dhaifu ni foleni ileile. Na skrini vilevile. Ukiwa na skrini inayoonyesha picha 60 kwa sekunde, kadi ya kutoa picha 200 utaishia kuisimulia tu. RAM nikachukua GB 16, vipande viwili vya GB 8 badala ya kimoja, kwa sababu prosesa inasoma kwa njia mbili kwa pamoja. SSD ya GB 500. Kasha la kioo na taa nikaliacha. Nikachagua lenye wavu wa kuzuia vumbi mbele, linalofunguka kirahisi, maana kwetu lazima ulifungue mara kwa mara.

Mashine hii ikiwa kazini, pamoja na skrini, inakula kama wati 250. Saa tatu kwa siku ni robo tatu ya uniti, kwa mwezi uniti 22 na nusu. Jumlisha na 48 za nyumbani. Unapata 70 na nusu. Likizo ndefu iliyopita nilikaa nyumbani, na kila jioni kabla sijawasha nilisoma mita. Mwezi wa kwanza tuliishia 73. Mama aliangalia, akaendelea na shughuli zake.

Nimeiweka ukuta wa ndani, mbali na dirisha. Kila baada ya wiki kadhaa nazima, nachomoa waya, nafungua, napuliza vumbi na kusafisha meno ya RAM kwa ufutio mweupe. Kuifunika nailoni siifuniki, inafungia unyevunyevu ndani.

Kwa hiyo ukinikuta chuoni unataka ushauri wa kadi gani ununue, usishangae nikikuuliza kwanza inakaa wapi, soketi ikoje, na LUKU ananunua nani. Na kama kuna pesa ya mtu humo, mwambie ni ya nini kabla hujaibeba kwenda Kariakoo.

Mpaka naandika nimelipa miezi sita. Wiki iliyopita nilimpelekea elfu themanini yake kwa mkono. Akaihesabu mara mbili mbele yangu, akaifunga kwenye kitambaa.

"Bado minne," akasema.