Mweiga: Ndege Zilipoushambulia Msitu wa Nyandarua

WATALII wengi wanaopitia Mweiga huwa na haja moja tu, nayo ni kuwaona wanyama. Ukitoka mjini Nyeri kwa barabara iendayo Nyahururu, huchukui muda kabla ya kuufikia mji huu mdogo wenye upepo wa baridi. Kushoto kwako milima ya Nyandarua imesimama kama ukuta, na siku isiyokuwa na ukungu utauona Mlima Kenya upande wa kulia. Afisi kuu za Mbuga ya Kitaifa ya Aberdare ziko hapa, na ukiendelea mbele kidogo utalikuta shamba la Solio, linalosifika kwa faru wake.

Lakini Mweiga ina historia nyingine ambayo mgeni hasimuliwi mara kwa mara. Wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa na Gavana Evelyn Baring tarehe 20 Oktoba, 1952, hapa palikuwa na kiwanja cha ndege za kivita za Uingereza. Kutoka katika nyasi hizi marubani waliruka kwenda kuwashambulia wapiganaji wa Mau Mau waliojificha msituni. Safari yenyewe ilikuwa fupi mno, kwani msitu wauona kwa macho.

Ndege ya shule yapewa mabomu

Ndege zilizokaa Mweiga ziliitwa Harvard. Hazikuundwa kwa ajili ya vita. Zilikuwa ndege za kufundishia, zenye injini moja na viti viwili, na mwaka 1953 zililetwa kutoka Rhodesia ya Kusini, ambako zilikuwa zikiwafunza marubani wanagenzi. Wakuu wa jeshi walizipenda kwa sababu hazikuwa ghali, zingeweza kuruka polepole juu ya miti, na zilitosheka na kiwanja kifupi cha nyasi.

Kila Harvard ilifungiwa bunduki moja ya rashasha na mabomu madogo 8 chini ya mabawa. Bomu moja lilikuwa na uzito wa ratili 20, yaani karibu kilo 9. Kwa hivyo mzigo wote haukuzidi kilo 73, kiasi cha gunia moja la mahindi hivi. Mara nyingi ndege ndogo ya polisi ilitangulia kuwaonyesha marubani mahali pa kulenga, kwani kwa juu msitu wote unafanana.

Dubwana kutoka Eastleigh

Mnamo Novemba 1953 ilikuja ndege ya aina nyingine kabisa. Hiyo ni Lincoln, mdogo wake Lancaster, ile ndege iliyoiteketeza miji ya Ujerumani katika Vita vya Pili vya Dunia. Lincoln ilikuwa na injini 4, watu 7 ndani yake, na mabawa yenye upana wa zaidi ya mita 36. Haikuweza kutua Mweiga. Makao yake yalikuwa Eastleigh, Nairobi, katika uwanja ambao siku hizi ni kambi ya Jeshi la Wanahewa iitwayo Moi Air Base.

Msomaji, linganisha mizigo hiyo miwili. Lincoln iliundwa ibebe hadi ratili 14,000 za mabomu, yaani zaidi ya kilo 6,300. Ingehitaji Harvard zaidi ya 80 kuubeba mzigo wa Lincoln moja. Na mabomu yenyewe hayakuwa ya kilo 9. Yalikuwa ya ratili 500 na ratili 1,000, na hili la pili ni karibu kilo 450 za chuma na baruti.

Si mabomu tu yaliyotoka angani. Ndege nyingine zilimwaga karatasi za kuwataka wapiganaji wajisalimishe. Nyingine zilifungwa vipaza sauti, zikazunguka juu ya miti zikipiga kelele.

Msitu ulivyojibu

Je, silaha hizo zilifaa? Lincoln ilibuniwa kupiga viwanda na reli, vitu vikubwa visivyohama. Nyandarua hapakuwa na kiwanda. Palikuwa na watu wachache wachache waliotawanyika, waliohama usiku na kulala chini ya mianzi iliyosongamana. Matawi yalimficha mtu, udongo wenye unyevu ulimeza nguvu ya mlipuko, na ukungu ulimziba rubani macho. Wapiganaji nao walijifunza kupika usiku ili moshi usiwasaliti.

Haina maana kwamba hakuna aliyeumia. Mabomu yaliua watu, yaliwatia hofu, na kuvunja kambi zao. Walioteseka bila kuwa na upande wowote ni wanyama. Ndovu, faru na nyati walijeruhiwa na vyuma, wakawa wakali, na mwenye kukutana nao msituni, awe mpiganaji au askari, aliiona hasira yao. Wahenga walisema wapiganapo ndovu wawili ziumiazo ni nyasi. Safari hii walipigana watu wakaumia ndovu.

Kufikia mwishoni mwa 1955 Lincoln zilikuwa zimeondoka na kikosi cha Harvard kimevunjwa. Dedan Kimathi alikuwa bado yumo msituni. Alinaswa tarehe 21 Oktoba, 1956, akiwa amepigwa risasi ya bunduki ya kawaida na askari waliokwenda kwa miguu. Zile tani za mabomu hazikumpata. Kweli, mpiga ngumi ukuta huumiza mkonowe.

Ukienda kuzuru

Leo msitu umepona. Ua wa umeme wenye urefu wa karibu kilomita 400, uliokamilika mwaka 2009, umezunguka milima hii kuwazuia wanyama wasiingie mashambani. Anayetaka kupanda na aende miezi ya kiangazi, Januari na Februari, abebe nguo nzito, na asitembee bila askari wa wanyama. Na akikuta chuma asichokijua kimezama ardhini asikiguse hata kidogo, bali awaambie wenye mamlaka. Bomu ambalo halikulipuka haliharibiki kwa kuzeeka. Huzidi kuwa hatari.

Kisha, kabla hujarudi, tafuta mzee wa Nyeri aliyekuwa mtoto miaka hiyo, umwamkie, na umwombe akueleze mlio wa ndege zile ulivyokuwa. Vitabu vimetuhifadhia uzito wa mabomu na majina ya vikosi. Hofu ya mtoto aliyejificha chini ya kitanda kwa sababu ya mngurumo wa mbali iko vifuani mwa wazee hao, na kila mwaka wanapungua.