Barabara ya Hiriwa

Januari 2021 mipaka ya Nyuzilandi ilikuwa imefungwa kwa sababu ya korona, na sisi wanafunzi wa kutoka mbali tukabaki Dunedin likizo nzima. Ndipo simba wa bahari, jike aliyepewa jina Hiriwa, akajifungulia kwenye uwanja wa gofu wa Chisholm Links. Kati ya uwanja huo na bahari inapita John Wilson Ocean Drive, na jike anayenyonyesha hana budi kushuka majini kutafuta chakula. Manispaa ikaifunga barabara kwa mwezi mzima.

Nilipompigia mama simu Tanga kumsimulia, alicheka mpaka akapaliwa. "Mwanangu, huko watu hawana kazi? Barabara nzima, kwa ajili ya mnyama mmoja?"

Asiyejua yaliyowapata wanyama wale lazima acheke. Katika visiwa vikuu vya nchi walikwisha kabisa: Wamaori waliwawinda kwa kitoweo, halafu wawindaji wa Kizungu wakawafuata wale wa visiwa vya kusini kutafuta ngozi na mafuta. Kiangazi cha 1993/94, baada ya zaidi ya karne moja bila mtoto kuonekana, jike mmoja akazaa pwani ya Otago, mkoa wenye mji wa Dunedin. Wenyeji wakamwita Mum. Simba wengi wa pale ni uzao wake.

Madume, mengine ya zaidi ya kilo 300, huanza kugombea ufukwe Novemba. Majike huzaa Desemba na Januari, mtoto mmoja tu, na siku saba hadi kumi baadaye hupandwa tena. Fujo za madume huweza kumponda mtoto mchanga, kwa hiyo mama humhamishia vichakani, wakati mwingine zaidi ya kilomita moja kutoka majini. Hapo ndipo anapokutana na mbwa, magari na watu wenye simu za kupigia picha. Jioni nyingi nilisimama mbali, mita 20 kama tulivyoagizwa, nikisikia mama akitoka baharini akiita, na mtoto akijibu kama mbuzi aliyefungwa. Hunusana kwanza, ndipo ziwa litolewe. Mzee jirani yangu, mpole siku zote, aliwafokea bila haya waliofungulia mbwa wao.

Lakini barabara ilikuwa kazi nyepesi. Wengi wa simba hawa huzaliana Visiwa vya Auckland, kusini kabisa, na huko idadi ya watoto ilishuka karibu nusu kati ya 1998 na 2009. Ugonjwa wa bakteria uliwaua wachanga, na mama zao walinaswa na meli zinazokokota nyavu za ngisi. Nyavu hizo sasa zina mlango wa kutokea, na bado watu wanabishana kama unatosha.

Kwetu Tanzania nako, nguva wachache wa Rufiji na Mafia wanakufa kwa nyavu za jarife. Tukitaka kuwaokoa, tuanze na nyavu.